Ghorofa Kumi na Sita Ndani ya Fjodi

MSAFIRI: Nianze na magoti, kwa kuwa ndiyo yaliyonichagulia safari. Nimefundisha miaka 34, mingi yake nimesimama mbele ya ubao, na sasa daktari ameniambia vilima basi. Mwanangu anakaa Hamburg. Juni iliyopita alinikatia tiketi ya siku saba, Hamburg hadi fjodi za Norwei na kurudi. Asubuhi moja nafungua pazia, naona maji yanaporomoka mlimani kwa mikondo saba, karibu yanirushie matone. Wanayaita Dada Saba. Ng'ambo ya pili kuna maporomoko mengine, hayo wanayaita Mchumba. Ati aliwaposa wote saba, wakamkataa, akaishia kwenye chupa, na kweli mwamba pale una umbo la chupa. Sikupanda mlima, sikuvaa buti. Nilikuwa na kanga mabegani na kikombe cha chai mkononi. Leo naambiwa safari zile ni za kupigwa marufuku. Nilikosa nini?

MKAZI: Wewe huna kosa, Mwalimu. Ila chai yako ilichemshwa kwa mafuta, na moshi wake ulibaki na sisi ulipokwisha kurudi kwa mwanao. Mimi ni muuguzi, nina miaka 20 katika mkoa ule wa fjodi, nimeolewa huko na nimezalia huko. Geirangerfjord ina kilomita 15 tu, nayo imezungukwa na kuta za mawe zilizosimama wima. Siku isiyo na upepo hewa ya baridi inalala juu ya maji, ya joto inaifunika kama kawa juu ya chakula. Meli tatu nne zikikaa mle na mashine zikinguruma kutwa, jioni unaona utando wa buluu umetanda kutoka ukuta huu hadi ule. Mamlaka ya bahari ya Norwei ilipima hewa hiyo mwaka 2016, na kuanzia Machi 2019 zikaja kanuni kali zaidi za salfa, za nitrojeni na za maji machafu. Hakuna anayebuni. Wazee wangu wenye pumu huniomba nifunge madirisha mwezi Julai, na Julai ndiyo mwezi Mnorwei anaousubiri mwaka mzima ili afungue dirisha.

BAHARIA: Dada, hicho chakula kilichofunikwa kawa mimi nilikuwa chini yake kabisa, karibu na moto. Miaka tisa nimefanya kazi ya vyumba kwenye meli za kitalii. Nimeingia Geiranger mara kumi na moja. Hao Dada Saba nimeonana nao mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimetoka kutupa taka. Kabini yangu haikuwa na dirisha. Kwa hiyo usinisimulie moshi. Mimi nataka nikuulize swali la nyumbani: ukiufunga mlango wa fjodi, yule kijana wa Likoni, kwetu Mombasa, anayetandika vitanda kumi na nane kila asubuhi utampeleka wapi?

MKAZI: Sijasema mlango ufungwe. Nimesema meli za ghorofa kumi na sita ziishie nje. Anayetaka kuingia fjodini aingie kwa chombo kidogo kisichotoa moshi.

MSAFIRI: Yaani mimi nishushwe bahari ikiwa inachafuka, nikanyage mashua inayopanda na kushuka, kwa magoti haya?

MKAZI: Kuna barabara pia.

MSAFIRI: Nimeiona. Wanaiita Njia ya Tai, ina kona kumi na moja za kukunja kiwiko. Dereva wa basi alikuwa akizipiga kona hizo huku anaeleza historia, mimi nimefumba macho. Nilimsikia mama mmoja nyuma yangu anasali kwa Kireno. Hapana, mwanangu. Tuseme ukweli. Wale mnaotaka waje kwa miguu na mahema ni vijana wenye afya, na ndio hao wanaosifiwa kuwa wasafiri wa kweli. Mzee, mgonjwa, mwenye kiti cha magurudumu, huyo ndiye mtalii, ndiye kero. Na nchi yenyewe ina sheria ya tangu 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea porini, kuchuma matunda ya mwitu na kulala palipo wazi. Maumbile ni ya wote. Nilipoisoma hiyo nilifurahi.

MKAZI: Sheria ile inazungumzia miguu. Haikutaja ghorofa.

MSAFIRI: Na asiye na miguu?

MKAZI: Sawa. Hilo nakupa. Lakini wazee wangapi walikuwa kwenye meli yako, na watoto wangapi waliokuja kuteleza kwenye bomba la maji juu ya sitaha? Kijiji cha Geiranger kina wakazi 250 hivi. Meli moja inashusha watu 3,000, nyingine 4,000. Wanashuka saa nne asubuhi, saa kumi wanarudi. Wamekula melini, watakula melini, na chupa za maji wamebeba kutoka melini. Mwenye duka la sweta anawahesabu wanaopita mlangoni kama mtu anayehesabu magari ya wengine.

BAHARIA: Hapo amesema kweli. Chakula kimeshalipwa, na sisi wenyewe tulikuwa tukiambiwa tumkumbushe abiria asichelewe chakula cha mchana.

MSAFIRI: Mimi nilinunua soksi.

MKAZI: Asante kwa soksi.

MSAFIRI: Usinicheke, bado sijamaliza. Mwanao mwenyewe anafanya kazi gani majira ya joto?

MKAZI: ...Binti yangu anaendesha basi.

MSAFIRI: Basi la nani?

MKAZI: La watalii wa meli. Ndiyo. Na dadake baba yao anauza jibini la mbuzi pale gatini. Unadhani sijui? Nyumba zetu zote zina mguu mmoja ndani ya meli. Ndiyo maana mkutano wa kijiji ukiitishwa, watu wanazungumza kwa mafumbo, kila mmoja anamwangalia jirani aliyewekeza kwenye mashua za kukodisha. Lakini kula sumu kwa sababu ndicho chakula kilichopo hakuifanyi iwe chakula.

BAHARIA: Neno zito hilo, sumu. Mimi nalikataa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unasema nipumzike angalau saa 10 katika kila 24. Toa mwenyewe, zinabaki 14, na zipo siku zilizokwisha zote. Meli ina bendera ya Bahamas, mwenye meli hajawahi kuishi Bahamas, na mimi nikiwa na malalamiko sijui nipige hodi kisiwa gani. Miezi minane bila kumwona mama. Yote hayo nayajua, tena kuliko nyinyi wawili. Lakini nyumba ya mama ina bati, ina choo cha ndani, na mdogo wangu amemaliza chuo cha ualimu. Sumu haisomeshi mtu.

MSAFIRI: Mimi aliyenitandikia kitanda alikuwa Mfilipino. Alikuwa akikunja taulo umbo la tembo akaniwekea kitandani, nadhani kwa kuwa alijua natoka Afrika.

BAHARIA: Tembo tunafunzwa wote. Ni wa abiria wote.

(Msafiri aliwahi kumpiga picha tembo yule na kuwatumia wajukuu. Hakuyasema haya mezani, aliniambia mimi mwandishi baadaye.)

MKAZI: Bakshishi ilikatwa kwenye bili?

MSAFIRI: Ilikatwa kila siku, kwa kila kichwa. Na bado nilimwachia yangu ndani ya bahasha. Mnaniweka kizimbani wote wawili sasa? Haya, na mimi niulize. Mzungu akifika Unguja kwa meli ya namna ileile, akashuka Mji Mkongwe saa nne na kurudi saa kumi, akapiga picha mlango wa nakshi na mtoto aliyesimama mlangoni bila kuomba ruhusa, nani anamuuliza habari ya moshi? Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, Geirangerfjord tangu 2005. Sisi tumewatangulia. Kwetu mgeni anapigiwa ngoma. Mara hii mgeni ni mimi, mwalimu wa Tanga mwenye pensheni, nimekwenda kutazama cha kwao kama wao wanavyotazama changu, ghafla dunia imejaa!

MKAZI: Mzungu akiingia Serengeti analipa getini, Mwalimu. Analipa kiingilio, analipa gari, analipa kulala. Rwanda mwaka 2017 walipandisha kibali cha kuwaona gorila kutoka dola 750 hadi 1,500, kwa mtu mmoja, kwa saa moja ya kutazama. Maana yake waje wachache, walipe vizuri. Fjodi haina geti. Meli inaingia, inazunguka, inapiga honi ili wasikie mwangwi, inatoka. Bunge la Norwei mwaka 2025 ndipo lilipozipa halmashauri ruhusa ya kutoza wageni, kiwango kisizidi asilimia 3.

BAHARIA: Asilimia 3! Bakshishi ya mhudumu inazidi hiyo.

MSAFIRI: Na ukipandisha ikawa kama ya gorila, mimi sitaingia tena. Atakayeingia ni mwenye meli yake binafsi yenye helikopta juu. Hivyo ndivyo mnavyotaka? Moshi mchache wa matajiri?

MKAZI: Nataka tupewe ngazi yetu.

MSAFIRI: Ngazi ipi?

MKAZI: Juu ya fjodi, pembezoni mwa jabali, kuna mashamba ya zamani. Moja linaitwa Skageflå, lipo mita kama 250 juu ya maji. Ukilitazama toka chini unajiuliza mbuzi walifikaje, sembuse watu. Waliishi pale karne kwa karne hadi 1916, wakahama. Watoto wadogo, inasimuliwa, walifungwa kamba wasianguke majini. Na njia ya kupandia ilikuwa na mahali pa ngazi. Mtoza kodi akionekana anakuja na mashua yake, ngazi inavutwa juu. Anakaa chini anapiga kelele, anachoka, anaondoka. Mfalme Harald na Malkia Sonja walipotimiza miaka 25 ya ndoa yao, mwaka 1993, walikwenda kusherehekea pale pale. Hadithi hiyo kila mtu wa kule anaipenda. Watu maskini waliokuwa na uwezo wa kuamua nani apande. Sisi leo tuna shule, tuna intaneti, tuna kila kitu, ila ngazi hatuna.

MSAFIRI: Hadithi nzuri. Sasa sikia ya kwangu. Ili nifike Hamburg tu niliombwa barua ya mwaliko, taarifa za benki za miezi mitatu, bima, hati ya nyumba, alama za vidole, na nauli ya basi kwenda Dar es Salaam mara mbili. Binti aliyenihoji alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Akaniuliza: utarudi? Miaka 34 nimejenga nchi, naulizwa kama nitarudi kwangu! Ngazi wanayo, mwanangu. Wameivuta zamani. Wewe ulipanda kabla, sasa unasaidia kuivuta.

MKAZI: Hilo si haki.

MSAFIRI: Pengine. Lakini nijibu.

MKAZI: Nitajibu hivi. Aliyekuzuia wewe kwenye ubalozi siye mzee wangu mwenye pumu. Na meli haikukufungulia ule mlango, ulikwisha kuufungua mwenyewe kwa makaratasi yako. Meli ilikuuzia kiti tu. Usitake kijiji cha watu 250 kilipe deni la ubalozi.

BAHARIA: Mwalimu, hapo dada amekushika.

MSAFIRI: Amenishika mkono, hajanishika mguu.

BAHARIA: Basi mimi nizungumze kama mtu wa chombo. Kwetu Mombasa nahodha anayejua hawezi kuingiza chombo mahali asipojua atatokaje. Nimekuwa nikijiuliza hivyo kila tukiingia mle. Machi 2019 meli iitwayo Viking Sky ilizimika mashine zote Hustadvika, pwani ile ile ya Norwei, kwenye dhoruba, miamba iko karibu. Ilikuwa na watu 1,373. Mafuta ya kulainishia mashine yalikuwa yamepungua kwenye matangi, meli ikiyumba pampu zinavuta hewa, mashine zikajizima. Helikopta zilibeba watu 479, mmoja mmoja kwa kamba, usiku kucha hadi asubuhi, kisha meli ikajikokota hadi bandari ya Molde. Ile ni meli ndogo. Sisi tulikuwa na watu mara tatu zaidi.

MSAFIRI: Ile ilikuwa Machi. Mimi nilikwenda Juni, bahari kama mafuta kwenye sinia.

MKAZI: Mlima haungoji dhoruba. Njia ya kuingilia Geiranger inapita karibu na Åkerneset. Ubavu wa mlima ule una ufa, unasogea sentimita kadhaa kila mwaka, umewekewa vipimo usiku na mchana. Ubavu huo ukiporomoka wote kwa pamoja, wimbi litafika kijijini kwa dakika kama kumi. Wala si ndoto za sinema, ingawa sinema ilitengenezwa kweli, mwaka 2015. Tafjord, fjodi ya jirani, jabali liliporomoka usiku wa Aprili 1934 na wimbi likaua watu 40. Wapimaji wanasema watatuonya siku kadhaa kabla, nami nawaamini. Lakini mimi niko kwenye orodha ya watu wa kuhamisha wazee. Ninajua kila mzee, nani ana mkongojo, nani atagoma kuvaa viatu. Wale 4,000 waliokaa kwenye nyasi wanakula aiskrimu, hao nawahesabu vipi?

MSAFIRI: Kama onyo linatolewa siku kadhaa kabla, meli haitaingia. Umejijibu.

MKAZI: Kama.

BAHARIA: Na sheria je? Mbona hamuizungumzii sheria? Ninavyosikia tatizo limekwisha. Bunge lao lilisema mwaka 2018 kwamba ifikapo 2026 hakuna moshi kwenye fjodi za urithi.

MKAZI: Lilisema. Halafu ikaja kanuni yenyewe: kuanzia Januari 2026 ni meli zilizo chini ya tani 10,000 za ujazo. Zilizo juu ya hapo zimepewa hadi 2032.

BAHARIA: Subiri. Wadogo kwanza?

MKAZI: Wadogo kwanza. Sababu iliyotolewa ni kwamba teknolojia ya meli kubwa haijawa tayari.

BAHARIA: Wallahi hii naijua! Hii ni ya mwenye mkokoteni kukamatwa na mwenye lori kupigiwa saluti.

MSAFIRI: Na mimi naijua nyingine. Nchi hiyo hiyo imechimba mafuta baharini tangu ilipoyapata Ekofisk mwaka 1969, ikayauza dunia nzima, ikaweka akiba ambayo hakuna serikali nyingine yenye mfuko wa kuufikia. Mafuta yanachomwa wapi? Kwa wengine. Moshi ukirudi kwenye fjodi yao unakuwa uchafuzi. Mimi nikiwa darasani mtoto akija na mfano kama huo ningempa alama zote.

MKAZI: Nami ningempa. Mume wangu alifanya kazi kwenye mitambo ile ya baharini miaka 11. Ndiyo iliyojenga shule, ndiyo inayonilipa mshahara. Sijafika hapa kuitetea Norwei, Mwalimu. Ila kama jirani yangu ni mnafiki, mtoto wake naye avute moshi?

(Kimya kidogo hapa. Baharia ndiye aliyekivunja, na kwa njia ya mbali.)

BAHARIA: Mara moja nilipangiwa meli iliyokwenda hadi Nordkapp. Tuliposimama Svolvær, visiwa vya Lofoten, nilipata saa mbili za kushuka. Nikanusa kitu. Nikajiambia, huyu ni ng'onda, nimefika Kibokoni kwetu Mombasa! Nafuata harufu, nakuta vichanja vikubwa kama nyumba, vijana wanashusha samaki wakavu. Ni samaki wao wa baridi, torsk, wanamtundika tangu Februari, hawatii chumvi hata chembe, upepo ndio unaomkausha. Kijana mmoja akaniambia wale wazuri wanakwenda Italia, na vichwa vinakwenda Nigeria. Nikacheka peke yangu barabarani. Kichwa cha samaki wa ncha ya dunia kinaingia Lagos bila kuulizwa kama kitarudi.

MSAFIRI: Ha! Hicho kina viza ya kudumu.

BAHARIA: Halafu usiku, au niseme wakati wa usiku, maana Nordkapp kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai jua halizami. Saa yetu sisi inaanzia jua linapochomoza, saa moja ni saa moja ya jua. Kule jua halijachomoza kwa kuwa halijazama. Nilisimama sitaha ya kamba za kufungia meli, ndiyo sitaha pekee tunayoruhusiwa, naangalia saa inasema sita usiku, kivuli changu kirefu mpaka ukingoni, na sijui niseme ni saa ngapi. Maghribi iko wapi? Mpishi mmoja wa Kiindonesia akaniambia Waislamu wa Tromsø wengine wanafuata nyakati za Makka, wengine za mji wa karibu ambao jua linazama. Tukasali kwa saa ya Makka, wawili, nyuma ya kamba. Katika miaka tisa hiyo ndiyo safari yangu. Zile nyingine zilikuwa kazi.

MSAFIRI: Na ingekuwa meli zimezuiwa, usingeiona.

BAHARIA: Nisingeiona. Ndiyo maana sikubali zizuiwe, na ndiyo maana sikubali zilivyo.

MKAZI: Lakini pwani ile ilikuwa na meli yake kabla ya hizi zenu. Kabla ya 1893, barua kutoka Trondheim kwenda Hammerfest ilichukua wiki tatu majira ya joto na hadi miezi mitano majira ya baridi. Mnara wa kuongozea vyombo ulikuwa mmoja hapa, mwingine mbali kule, na makampuni makubwa yakasema kusafiri usiku wa giza lile ni kujiua. Nahodha mmoja, Richard With, akakubali. Rubani wake, Anders Holte, alikuwa ameandika daftari lake kwa miaka, uelekeo na dakika, uelekeo na dakika. Tarehe 2 Julai 1893 meli ya Vesteraalen ikang'oa nanga Trondheim. Siku chache barua zikafika. Mpaka leo njia hiyo ipo, Bergen hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, bandari 34, baridi na joto. Inashusha friji ya mtu, inapakia samaki, inambeba bibi anayekwenda kwa daktari bandari ya pili. Hiyo ni meli inayokuja kwa sababu ina shughuli na wewe. Zile nyingine zinakuja kukutazama.

MSAFIRI: Nimeuliza nauli ya hiyo meli yenye shughuli. Siku 12 kwenda na kurudi. Kwa fedha hiyo mwanangu angenipeleka mara mbili kwa meli yangu. Na usinidanganye, mwanangu. Barua siku hizi zinapanda ndege, na kwenye zile meli za posta nako kuna Wajerumani wenye darubini shingoni sitaha nzima. Bibi wa daktari ni mmoja.

MKAZI: Ni mmoja, na meli inamsimamia.

BAHARIA: Dada, mtu wa kule asinigeuze mjinga. Kule Lofoten tuliingia Trollfjord kwa mashua na wageni. Mwongozaji akatusimulia kwamba mlango wake una upana wa mita 100 tu, na mwaka 1890 meli za moshi zilifunga mlango ule, torsk wamejaa ndani, wavuvi wa mashua za makasia wakaambiwa walipe waingie. Wakapigana, wakaingia kwa nguvu. Si hayo? Basi hao wenye meli za moshi walikuwa Wanorwei, na wenye makasia walikuwa Wanorwei. Kubwa na dogo ni ugomvi wao wa zamani. Sisi tumeukuta.

MKAZI: Na mdogo alishinda. Baadaye zile nyavu kubwa za kuzungushia zilipigwa marufuku Lofoten.

MSAFIRI: Kwa hiyo unataka ushinde tena.

MKAZI: Nataka nilale. Juni 2022 meli mpya ya njia ile ya pwani iliingia Geiranger kwa betri peke yake. Ina betri za kwendea saa nne bila kuwasha mashine. Nilikuwa na zamu ya jioni siku moja ilipopita. Sikuisikia. Niliona tu kitu cheupe kinapita dirishani, nyuma yake maporomoko yanasikika kama kawaida. Mzee mmoja ambaye huwa hasemi alisema, mashine imeharibika? Nikamwambia haijaharibika. Akataka kiti chake kigeuzwe aitazame.

MSAFIRI: Hiyo na mimi ningependa kuipanda.

BAHARIA: Wafanyakazi wake ni wa wapi?

MKAZI: Wa huko huko. Mikataba ya Kinorwei, mishahara ya Kinorwei, chama cha mabaharia kinaisimamia.

BAHARIA: Wa Likoni?

MKAZI: Sijamwona.

BAHARIA: Basi. Mwalimu hawezi nauli, mimi sina kazi, na fjodi iko safi.

MKAZI: Unataka niseme nini? Niwashe moshi kwa sababu yako?

BAHARIA: Nataka mtu anayepiga hesabu zile za salfa aniweke na mimi kwenye safu moja. Hata ya mwisho.

MSAFIRI: Mwaka ujao mwanangu ameshaweka oda. Nane Julai tuko Geiranger. Sijui nifute au nisifute.

MKAZI: Meli ipi?

MSAFIRI: Ile ile.

MKAZI: Nane Julai nina zamu ya asubuhi. Saa nane mchana niko huru. Shuka, nitakuja na gari gatini, twende kwangu ule ugali. Unga naagizia Oslo.

BAHARIA: Meli inang'oa nanga saa kumi.

MKAZI: Najua ratiba zao kuliko za kivuko chetu.

BAHARIA: Nakwambia kwa sababu atachelewa, na akichelewa haimngoji.